Handaki Lililofukiwa

Baba Pacha alikuwa fundi viatu. Kituo chake kilikuwa mbele ya lango la kambi ya jeshi. Kila asubuhi alitandika gunia, akapanga juu yake sindano, nta, nyuzi na nyundo yake ndogo, kisha akangoja mabuti. Mabuti ya askari yalimlisha kwa miaka mingi. Akishika buti tu, alijua mwenye buti ni mtu wa namna gani.

"Huyu anavuta mguu wa kushoto," alikuwa akisema. "Na huyu ni mlinzi. Tazama soli. Mtu huyu anasimama tu, hatembei."

Kisha kambi ikafungwa. Malori yakabeba vitanda, meza na masufuria makubwa ya jikoni. Lango likafungwa kwa mnyororo. Askari mmoja aliacha viatu vyake kwa fundi na hakurudi kuvichukua.

"Labda amekuachia uvae wewe," mkewe alimtania.

"Nivae viatu hivi? Mguu wa yule bwana ni mtumbwi!"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Mabuti hayakuja tena. Nyumba ikawa inategemea cherehani ya Mama Pacha. Cherehani hiyo ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Nyuma ya sebule kulikuwa na chumba cha wazazi na pacha wao. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba cha Bibi, mama mzazi wa Baba Pacha. Chumba hicho kilikuwa chini kuliko vingine, kwa sababu kiwanja kilikuwa na mteremko. Ukitaka kuingia humo ulishuka ngazi mbili. Kilikuwa na mlango wake wa nje, na mlango huo ulitazama ukuta wa kambi. Katikati palikuwa na kichochoro cha kupita mtu na ndoo yake.

Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Aliteleza akitoka kuoga. Daktari alisema alale mpaka mfupa uunge, wala asinyanyuliwe ovyo ovyo. Akitakiwa kuhamishwa, alazwe juu ya ubao na ashikwe na watu wanne. Lakini ulimi wa Bibi haukuvunjika.

"Nyonga moja tu," alisema, "na nyote mnanitazama kama mzigo uliosahaulika stesheni."

Watu wa mtaa ule hawakuwahi kuingia kambini. Nani angethubutu? Walichungulia tu kwenye matundu ya ukuta. Waliona uwanja wa gwaride ulio juu. Waliona mabweni. Na karibu kabisa na ukuta, upande wa ndani, waliona handaki refu, kina chake kimo cha mtu. Askari walipofanya mazoezi waliruka ndani ya handaki hilo, wakatokea upande wa pili wakipiga kelele. Watoto walitishwa nalo. Mtoto aliyekataa kuoga aliambiwa, "Ngoja, utatupwa handakini."

Siku moja gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani likitangaza mkutano. Kambi ingegeuzwa kuwa mali ya raia. Mabweni yangekuwa shule. Ukumbi wa chakula ungekuwa zahanati. Upande wa chini, karibu na mtaa, yangejengwa maduka.

Mkutano ulifanyika langoni. Afisa wa mradi alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa. Baba Pacha alivitazama viatu hivyo kabla ya kumtazama mwenye viatu.

"Ndugu zangu," afisa alisema, "hatutaki kuwajengea bila kuwauliza. Semeni. Mnataka nini?"

Watu walitazamana. Hawakuzoea kuulizwa jambo mbele ya lango lile. Baba Pacha akasimama.

"Mimi nimekaa hapa tangu sijaota ndevu," alisema. "Nina moja tu. Lile handaki lifukieni! Vita hatuna. Watoto wetu watakuaje kando ya shimo la vita? Lifukieni kwanza, mengine yafuate. Na ukuta huu muubomoe, nasi tupate hewa."

Makofi yalilia kama mahindi ya kukaanga.

"Huyo ndiye jemadari wetu!" alipiga kelele dada yake. Dada huyo aliuza mitumba, na sauti yake ilizoea kuita wateja toka ng'ambo ya barabara. Pacha walimwita Shangazi, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo.

"Wote mnaafiki?" afisa aliuliza.

"Wote!"

Hakuna aliyeuliza handaki lile lilichimbwa kwa kazi gani. Hakuna aliyesema, "Kwanza tuingie tukalione." Afisa naye hakuuliza. Kwake ilikuwa habari njema. Handaki likifukiwa, nafasi ya maduka inaongezeka.

Tangu siku hiyo Baba Pacha akaitwa Jemadari. Akajifanya hapendi, lakini alianza kutembea kifua mbele.

Kazi ilianza upesi. Ukuta ulibomolewa. Malori yalimwaga kifusi handakini, na mtambo ukakishindilia mpaka kikawa kigumu kama barabara. Juu yake wakapigilia vigingi vya viwanja vya maduka. Watu walipiga kura kugawana. Shangazi alipata kiwanja cha kona. Jemadari alipata cha pili yake.

"Kona, kaka, kona!" Shangazi alicheza pale pale kati ya vigingi. "Mteja akitoka huku ananiona, akitoka kule ananiona!"

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha.

Ilikuwa mchana. Jemadari alikuwa mjini kutafuta ngozi. Pacha walikuwa shuleni. Mama Pacha alikuwa akishona sare, na mvua ilipiga bati kwa nguvu mpaka hakusikia mlio wa cherehani yake. Kwa shida alisikia sauti ya Bibi.

"Mkwe! Nani amemwaga maji huku?"

"Hakuna aliyemwaga, mama!"

"Basi kandambili zangu zimejifunza kuogelea!"

Mama Pacha alikimbia nyuma. Alishuka ngazi ya kwanza. Alipotia mguu kwenye ya pili, mguu ukaingia majini. Maji mekundu yalikuwa yakipita chini ya mlango wa nje. Alichukua vitambaa, nguo chafu, hata blanketi, akaziba. Maji yakatafuta pembeni. Akaziba pembeni. Yakaja juu ya kizingiti.

Kitanda cha Bibi kilikuwa kifupi. Kilikuwa kimefupishwa miguu ili iwe rahisi kumhudumia. Sasa maji yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kufika kwenye godoro.

"Mama, nitakunyanyua."

"Utaninyanyua na nani? Daktari alisema wanne."

"Nitajaribu."

Aliingiza mikono chini ya mgongo wa mama mkwe wake. Akavuta kidogo tu. Bibi alitoa ukelele ambao Mama Pacha hakuwahi kuusikia kwake. Akaacha mara moja. Wakatazamana. Bibi hakuwa na mzaha tena.

Nyuma ya kitanda kitu kikaanguka, chubwi. Ilikuwa ni donge la ukuta. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa matofali ya udongo, na maji yalikuwa yameanza kuula chini.

Mama Pacha alikimbilia jikoni. Alichukua sufuria na mwiko, akatoka nje kwenye mvua, akapiga. Akapiga kama mwendawazimu. Mlango wa nyumba ya mbele ukafunguka. Akatoka jirani yao mpangaji, msichana waliyemwita Dada Mpima, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima ardhi kwa ajili ya barabara. Nyuma yake wakaja mafundi uashi wawili waliokuwa wamejikinga mvua barazani kwake.

"Bibi yuko chini! Maji!" Mama Pacha hakuweza kusema zaidi.

Dada Mpima aliingia, akatazama kitanda, akatazama ukuta. "Tunahitaji ubao."

"Ubao hatuna!"

"Mlango je?"

Mafundi waling'oa mlango wa chumba cha wazazi kwenye bawaba zake. Wakautelezesha taratibu chini ya Bibi, pamoja na shuka yake. Wanne wakashika. Wakapanda ngazi ya kwanza. Wakapanda ya pili. Mguu wa fundi mmoja ukateleza, mlango ukainama, wote wakapumua kwa pamoja, "Aaa!" Ukasimama sawa.

Walipomlaza sebuleni, Bibi alifumbua macho. "Niliingia nyumba hii kwa miguu yangu nilipoolewa," alisema polepole. "Leo napita mlangoni juu ya mlango."

Mama Pacha alicheka huku analia.

Jemadari aliporudi, mvua ilikuwa imekatika. Alisimama kichochoroni, kwenye matope, akiwa ameshika ngozi yake kwapani.

"Ni mvua tu," alisema. "Mvua huja."

"Hii ilikuwa mvua ndogo, kaka," Dada Mpima alisema. "Masika bado. Nikuulize. Nyumba hii wewe umeikuta?"

"Nilizaliwa humu."

"Maji yaliwahi kuingia?"

"Hata tone."

"Sasa kitu gani kimebadilika?"

Mama Pacha aligeuka akatazama pale ukuta ulipokuwa, na vigingi vya maduka nyuma yake.

Dada Mpima aliwaonyesha kwa mkono. "Uwanja wa gwaride uko juu. Umekanyagwa na mabuti miaka yote hiyo, umekuwa kama sakafu. Maji hayazami pale. Ongeza maji ya mapaa ya mabweni. Yote yanateremka huku. Zamani yalipokelewa na handaki."

"Lile ni handaki la vita!" Jemadari alisema.

"Siku linafukiwa uliliona ndani? Sakafu yake ilikuwaje?"

"Mawe. Yamepangwa vizuri."

"Limenyooka, au lina kona kona kama mahandaki ya vita?"

"Limenyooka. Linateremka kidogo kidogo mpaka kwenye karavati, chini ya barabara."

Dada Mpima alingoja. Jemadari akasikia mwenyewe alichokisema.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Ni mfereji."

"Ni mfereji wa maji ya mvua. Askari waliruka humo kwa mazoezi kwa kuwa ulikuwapo. Lakini ulichimbwa kwa ajili ya maji."

"Tufanyeje?" Mama Pacha aliuliza.

"Someni lile tangazo langoni. Mradi bado unapokea maoni. Wataacha kupokea siku ya kumwaga zege la maduka, na zege ni wiki ijayo. Nendeni ofisini kwao. Ombeni kuonyeshwa ramani. Msiende kugomba. Waelezeni mlichokiona: maji yametoka wapi, yamepita wapi, yamefika wapi. Waombeni waje watembee nanyi hapa hapa."

"Na nani aende?" Mama Pacha alimtazama mumewe.

"Si mimi," Jemadari alisema. "Nilisimama mbele ya watu wote nikasema lifukiwe. Leo niende niseme lifukuliwe? Watanionaje?"

Kabla hajamaliza, Shangazi alifika mbio mbio. Alikuwa amesikia habari. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akamfunika miguu, kisha akatoka kichochoroni. Alipoambiwa habari ya mfereji, akashika kiuno.

"Kona yangu! Wifi, unataka kuninyang'anya kona yangu?"

"Sitaki kona yako, wifi. Nataka mama asife maji."

"Mama nitamhamishia kwangu."

"Kwako ni chumba kimoja na marobota ya mitumba mpaka darini. Utamlaza juu ya robota gani?"

"Mtie mchanga hapo mlangoni! Mjenge kizingiti! Kwani nyumba ni yenu peke yenu iliyo chini?"

"Ndilo hilo," Dada Mpima alisema kwa upole. "Si yao peke yao. Mkijenga kizingiti hapa, maji yataingia kwa jirani."

"Wewe ni mpangaji tu!" Shangazi alimkata. "Kesho utafunga virago vyako. Sisi tutabaki hapa, na maduka tutakuwa hatuna." Akaondoka. Kanga yake ilimwanguka njiani, na kwa hasira hakugeuka kuiokota.

Jemadari aliingia chumba cha nyuma peke yake. Maji yalikuwa yamepungua. Alisimama kwenye tope akatazama ukuta. Akaubonyeza kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza soli kujua kama imeoza. Kidole kikazama chote.

Alipotoka, mama yake alikuwa akimtazama kutoka kule sebuleni.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Chini ya ukuta huo ndipo kilipokuwa kichwa changu."

Jemadari akanawa miguu, akavaa shati safi.

Ofisi ya mradi ilikuwa katika chumba kilichokuwa cha mlinzi wa lango. Jemadari, mkewe na Dada Mpima waliketi kwenye benchi. Afisa alitandaza ramani mezani, akaikandamiza kwa vikombe.

"Hapa ndipo tulipo," alisema. "Hapa ni maduka. Hapa ni nyumba yenu."

"Handaki liko wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Hapa tuliandika 'shimo'. Ramani za zamani za jeshi hatukupewa, kwa hiyo tulichora yetu." Afisa aliinua macho. "Lakini ninyi ndio mlioomba lifukiwe. Tena ni wewe, mzee. Nakukumbuka."

Jemadari akasimama. "Ni mimi. Nimekuja kusema kwamba sikujua nilichokisema." Akaeleza yote. Alieleza maji, kitanda, mlango, ukuta. Hakuongeza chumvi.

Afisa alisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Pole sana kwa Bibi. Lakini watu wote waliafiki. Viwanja vimegawanywa. Zege ni wiki ijayo. Siwezi kubadili neno la mtaa mzima kwa neno la nyumba moja. Kesho atakuja mwingine na lake."

"Hapo una haki," Dada Mpima alisema. "Basi waite hao hao wote. Lakini usiwaite langoni. Waite pale penyewe, waone kwa macho yao. Na uje na boza la maji."

"Boza? La nini?"

"Tuyaulize maji yenyewe yanataka kupita wapi."

Afisa alizungusha kalamu kati ya vidole. Nje, ngurumo ilipita mbali. Akatazama dirishani. "Maji yasipofika nyumbani kwenu, zege litamwagwa."

"Litamwagwa," Jemadari alisema.

Siku ya mkutano mawingu yalikuwa yameshuka. Kwa mara ya kwanza mtaa mzima uliingia kambini kwa pamoja. Waliingia kwa hatua ndogo ndogo, kana kwamba kuna mtu atawafokea. Wenye viwanja walisimama kila mmoja kwenye kigingi chake. Shangazi alisimama konani, mikono kifuani, hamtazami kaka yake.

Jemadari alipojitokeza mbele, kelele zikaanza.

"Jemadari amekimbia vita!"

"Mpeni buti ashone, maneno yamemshinda!"

Alingoja.

"Tukaneni," alisema. "Nimestahili. Mimi ndiye niliyesema lifukiwe, na nilisema kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa sijawahi kulitia mguu. Nililichungulia kwenye tundu, kama ninyi. Tuliulizwa tunataka nini, tukajibu kabla ya kuuliza hiki ni kitu gani. Leo sitaki mniamini mimi. Tazameni tu."

Boza lilisimama ukingoni mwa uwanja wa gwaride. Dereva akafungua bomba.

Maji yalimwagika, yakatanda, yakang'aa. Yakasimama kama yaliyochoka.

"Yameshiba!" mtu mmoja alipaza sauti. Watu wakacheka. Afisa alitazama saa yake. Mama Pacha aliona viatu vya afisa tu, kwa maana hakuthubutu kuinua macho.

Ndipo ulimi mmoja mwembamba wa maji ukajitenga. Ukateremka. Mwingine ukaufuata. Ndimi hizo zikaungana. Zikafika kwenye kifusi kilichoshindiliwa, mahali ambapo zamani zingetumbukia. Hapakuwa na pa kutumbukia. Maji yakapita juu. Yakapita kati ya vigingi. Watu wakaanza kuruka huku na huku. Hakuna aliyecheka.

Yalifika kwenye kona. Yakapita katikati ya miguu ya Shangazi. Yeye aligeuka akayafuata kwa macho. Yalikata kichochoro. Yalikwenda moja kwa moja, kama mgeni anayeijua nyumba, mpaka kwenye mlango wa chumba cha mama yake. Yakagonga ukuta ule uliokwisha kulainika. Donge la udongo likaanguka, kubwa kama mtungi, na tundu likabaki. Ndani ya tundu kila mtu aliona mguu wa kitanda.

"Funga!" Shangazi alipiga kelele. "Funga hilo bomba! Funga, nasema!" Alikuwa tayari anakimbia, anatupa mchanga mlangoni kwa mikono yake mitupu. "Mama yangu analala hapa! Funga!"

Dereva alifunga. Bibi hakuwamo, alikuwa sebuleni. Shangazi alijua hivyo. Lakini aliendelea kurundika mchanga mpaka kaka yake alipomshika mabega.

Afisa alisema kwa sauti ndogo, "Hili ni boza moja tu." Viatu vyake vinavyong'aa vilikuwa vimejaa tope.

Mafundi wawili walichukua majembe wakachimba mahali pamoja kwenye kifusi. Walichimba kwa muda mrefu. Jembe likagonga jiwe. Wakafuta udongo kwa mikono. Mawe yalikuwa pale, yamepangwa safu safu, yanateremka kuelekea karavati. Watu walipita mmoja mmoja kuyatazama.

Hapo maswali yakaanza. Watu waliokuwa wakizomea sasa waliuliza. Lile bomba nene linakwenda wapi? Lile tangi la chini lilikuwa la mafuta au la maji? Na ile nyumba isiyo na madirisha ni ya nini?

"Sijui," afisa alikiri. "Nitawatafuta waliokaa hapa, wanieleze. Ile nyumba asiingie mtu wala mtoto kabla wataalamu hawajaikagua. Na popote ndani ya kambi mkiona chuma msichokijua, msikiguse. Rudini nyuma, mtuite."

"Na zege?" Shangazi aliuliza. Uso wake ulikuwa na mchanga na machozi.

"Zege hakuna mpaka tukubaliane upya."

Makubaliano hayakuwa matamu kwa wote. Maduka yalihamishiwa juu, kwenye mabanda ya zamani ya magari. Huko nafasi ilikuwa ndogo, na viwanja vikapungua. Walibishana siku nzima. Mtu mmoja alirusha kofia yake chini, akaiokota, akairusha tena. Mwishowe wenye viwanja walikubali kukaa wawili wawili. Shangazi na Jemadari wakapewa banda moja.

"Nikae na harufu ya gundi yako?" Shangazi alinung'unika.

"Na mimi nikae na makelele yako?"

"Sawa. Lakini mbele nakaa mimi."

Mtaa ulichagua watu watano wa kukutana na afisa kila wiki na kutembea naye kazini. Mama Pacha alikuwa mmoja wao. Aliuliza sana. Kila alipoonyeshwa mstari kwenye ramani, alisema, "Twende tukauone." Afisa akazoea. Akanunua viatu vya mpira.

Mtambo ulianza kufukua mfereji, lakini mawingu hayakungoja. Yalizidi kuwa mazito kila siku. Ilipobaki sehemu ya mwisho, karibu na karavati, mtambo ukaharibika. Mtaa mzima ukashika majembe. Wenye viwanja, wasio na viwanja, mafundi, wanafunzi wakubwa, wote walichimba. Mdomo wa karavati ulifunguliwa asubuhi. Alasiri, masika yakaingia.

Mvua ile haikuwa ya mchezo. Uwanja wa gwaride ulitoweka. Maji yaliteremka yakinguruma, mekundu, na matawi juu yake. Familia yote ilisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Ukuta ulikuwa umejengwa upya, chini kwa mawe. Bibi alikuwa amerudi kitandani kwake, ameegemea mito miwili. Jemadari alikuwa amejaza mchanga kwenye magunia, akayaweka tayari. Shangazi alikuja na ndoo, hata hakueleza ya nini.

Maji yalifika kwenye mfereji. Yakatumbukia. Mfereji ukajaa nusu, ukajaa zaidi, ukanguruma. Pacha walishika kanga ya mama yao. Jemadari aliinama akapapasa sakafu kwa kiganja. Kavu. Akapapasa chini ya kizingiti. Kavu. Maji yalikimbia kuelekea karavati, yakaingia chini ya barabara, yakaenda zake.

Walisimama tu wakiyatazama yakipita, na yalipita, na yalipita.

"Jamani," Bibi aliita kutoka kitandani. "Tangu alasiri mmesimama hapo mnatazama maji. Mimi mwenye kiu, hakuna hata mmoja wa kuniletea kikombe?"